Kabla Hujanunua Ndege Iliyotumika, Inua Zulia

Hii ni hotuba niliyoitoa hapa Tanga mbele ya marubani, mafundi na wenzetu wanaojiandaa kununua ndege yao ya kwanza. Waliokuwa safarini wameomba niiandike yote, nami nimeiandika kama nilivyoisema.

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu shikamooni, na nyinyi wadogo zangu hamjambo.

Ndugu mwenyekiti, nakushukuru kwa nafasi hii. Mimi ni fundi wa ndege, lakini naomba nianze na fundi mwingine, marehemu baba yangu. Baba alikuwa fundi wa majahazi kule Pangani. Mtu akitaka kununua jahazi kuukuu, alikuja kumchukua baba wakaliangalie pamoja, nami nikiwa mtoto nilikuwa nambebea taa.

Mwenye jahazi huwa amejiandaa. Ubavu umepakwa sifa, yale mafuta ya samaki, unang'aa, tanga jipya limefungwa kwenye foromali, na kahawa iko tayari. Mnunuzi anazunguka chombo huku akisifu. Baba hasemi kitu. Anashuka moja kwa moja chini kwenye ngama, kwenye giza na maji machafu, mkononi ana msumari mrefu. Anachokonoa mataruma, yaani mbavu za chombo, moja baada ya jingine. Siku moja niliuona ule msumari ukiingia kwenye taruma mpaka kichwani, kama unaingia kwenye boga. Baba akapanda juu, akanawa mikono, akamwambia mnunuzi maneno mawili: "Twende zetu."

Ndugu zangu, ndege ndogo ya injini moja iliyotumika ni jahazi kuukuu. Chukueni mfano wa Cessna 172, ndege iliyotengenezwa kwa wingi kuliko nyingine yoyote duniani, zaidi ya 44,000. Zilianza kuuzwa mwaka 1956, kiwanda kikasimamisha kazi hiyo mwaka 1986, kikairudia miaka kumi baadaye. Nyingi zinazotangazwa kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kuifikiria ni za miaka ya 1970. Wengi wenu humu ndani mmezikuta tayari zinaruka.

Je, uzee huo ni tatizo? Hapana. Nasema tena, uzee si tatizo. Kinachoiua ndege ni chumvi, ni kukaa bila kuruka, na ni uongo ulioandikwa vitabuni. Nitayafikia yote matatu. Lakini kwanza kuna swali ambalo wanunuzi wengi hawajiulizi kabisa.

Unakwenda wapi? Unakwenda na nani? Mmebeba nini?

Kuna mzee mmoja, mfanyabiashara wa hapa mjini, aliniita nimkagulie Cessna 172 aliyoipata kwa bei nzuri. Ina viti vinne, na wao ni wanne: yeye, mama watoto, na vijana wao wawili. Shida yao ilikuwa Arusha, mara mbili kwa mwezi. Nikamwambia, mzee wangu, kabla sijafungua hata kifuniko cha injini, naomba familia yote ije dukani ipande kwenye mizani ya magunia. Wakacheka, lakini wakaja. Jumla ilikuwa kilo 338, na hapo hawajashika hata kikapu.

Sasa hesabu pamoja nami. Ndege ile ikiwa tupu ilikuwa na kilo 675. Uzito wa mwisho inaoruhusiwa kuruka nao ni kilo 1,043. Kinachobaki ni kilo 368, kwa watu, mizigo na mafuta, vyote. Ukijaza matangi, mafuta peke yake ni kama kilo 108. Umebaki na 260. Familia ni 338. Je, upunguze mafuta? Haya, ukiwapakia wote wanne, nafasi ya mafuta inayobaki ni kilo 30, kama lita 40 hivi. Ndege hii inakunywa lita 30 na kitu kwa saa, kwa hiyo una saa moja na robo. Na Arusha kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 330, zaidi ya saa moja na nusu kwa mwendo wake. Mafuta yangekwisha wakiwa bado hewani.

Jamani, viti vinne si watu wanne. Mkisahau yote niliyosema leo, hilo msilisahau.

Tena Arusha ina jambo jingine ambalo sisi watu wa pwani hatulijui mwilini mwetu. Hapa Tanga tuko usawa wa bahari, hewa ni nzito, ndege inanyanyuka vizuri. Uwanja wa Arusha uko karibu mita 1,390 juu. Alasiri ya joto la nyuzi 30, hewa ya pale inakuwa nyepesi kiasi kwamba bawa na injini vinafanya kazi kama viko juu ya futi 7,000, yaani zaidi ya mita 2,100. Injini ya kawaida inapoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake, na bawa nalo linahitaji mwendo mkubwa zaidi ardhini kabla halijanyanyua. Rubani aliyezoea kuruka Tanga anasukuma mkono wa mafuta mpaka mwisho na kushangaa mbona njia inakwisha.

Yule mzee nikamshauri atafute Cessna 182, yenye nguvu za farasi 230. Aliguna, kwa sababu 182 inakunywa kama lita 50 kwa saa. Alitafuta karibu mwaka mzima. Aliyoipata ilikuwa na rangi iliyochuja, na mimi niliitazama sehemu moja kwanza kabla ya zote: ule ukuta wa bati unaotenga injini na chumba cha rubani. 182 ni nzito puani. Rubani akitua nayo vibaya kwa gurudumu la mbele, ule ukuta unajikunja, na mikunjo ile haijifichi ukiimulika kwa tochi. Ulikuwa umenyooka. Akainunua, na inaruka mpaka leo.

Lakini wewe ambaye safari yako ni Pemba na Unguja, peke yako au na mwenzako mmoja, usinunue 182 kwa sababu ya kuonekana. Kutoka hapa mpaka Pemba ni nusu saa tu. 172 inakutosha, Piper Cherokee inakutosha, hata Cessna 152 ya viti viwili inakutosha kama hubebi mzigo. Ila nunua na makoti ya kuokolea maisha, na uyavae kabla ya kuondoka. Ukiwa katikati ya mkondo wa Pemba, futi 5,000 juu, injini moja ikazima, hufiki nchi kavu ya upande wowote.

Basi, Cessna au Piper? Nimeona huko nyuma watu wameshaanza kunong'onezana. Mjadala huu ni kama Coastal Union na African Sports, mtu anazaliwa nao. Mimi nimezifungua zote mbili kwa miaka mingi, na ninawaambia kwa moyo mweupe kwamba zote ni ndege nzuri. Zinatofautiana kwa tabia.

Cessna ina bawa juu. Unaona chini vizuri, una kivuli mchana na paa wakati wa mvua, na kwenye viwanja vya majani na changarawe bawa linakaa mbali na vichaka na mawe. Ina milango miwili. Mafuta yanateremka yenyewe, na swichi ya mafuta ina sehemu ya kunywa matangi yote mawili kwa pamoja. Piper Cherokee na ndugu zake wana bawa chini, mlango mmoja tu upande wa kulia, na mafuta yanatoka tangi la kushoto au la kulia, kamwe si yote mawili. Rubani ndiye anayekumbuka kubadilisha. Nimewahi kuitwa kwenye shamba la mkonge kuitoa Piper iliyoshuka katikati ya mistari. Rubani alikuwa mzima, Mungu alimhifadhi. Nikafungua vifuniko vya mafuta: tangi la kushoto kavu, la kulia limejaa.

Ukitazama Cessna, piga magoti uangalie reli za viti. Matundu yanayoshika pini ya kiti yakilika, kiti kinateleza nyuma wakati ndege inanyanyuka, rubani anajishikilia kwenye usukani, na pua inapanda kuliko inavyotakiwa. Watu wamekufa kwa kiti. Ukitazama Piper, uliza mhimili wa bawa. Mwaka 2018 huko Daytona Beach, Florida, bawa la Piper ya mafunzo lilikatika hewani na watu wawili wakafa. Ilikuwa imeruka zaidi ya saa 7,000. Baada ya hapo Marekani ikatoa agizo kwamba ndege za ukoo huo zikifikia hesabu fulani ya saa, matundu ya boliti za mhimili yapimwe ufa kwa kifaa cha umeme. Muuzaji akuonyeshe karatasi ya kipimo hicho. Akisema "tulipima, ila karatasi sijui iko wapi," basi hajapima.

Kuna na barafu. Naona mnatabasamu. Barafu Tanga? Ndiyo, barafu Tanga. Ndani ya kabureta, petroli inapogeuka mvuke inapooza hewa kwa nyuzi 20 na zaidi. Hewa yetu hii yenye unyevu, hata ikiwa nyuzi 25, inaganda mlemle na kuziba koo la injini. Injini za Lycoming kabureta yake imefungwa chini ya tangi la oili lenye joto, kwa hiyo hazisumbuki sana. Injini za Continental, zilizomo kwenye 172 za kabla ya mwaka 1968 na kwenye 182 nyingi, zinasumbuka zaidi. Ndege si mbaya kwa hilo, lakini ukiijaribu hakikisha ule mkono wa kupasha joto kabureta unafanya kazi: ukiuvuta, mizunguko ya injini lazima ishuke kidogo. Isiposhuka, kuna kitu kimekatika.

Sasa nafika kwenye jambo lililonileta hapa.

Miaka ya mwanzo ya kazi yangu, kijana mmoja rubani, mtu wa karibu nasi, aliletewa ndege mbili achague. Zote zilikuwa Cessna 172. Moja ilitoka shule ya urubani: rangi imekufa, viti vimechanika, injini ina saa 1,500 tangu ifumuliwe, yaani ifunguliwe yote na kutengenezwa upya. Ya pili ilikuwa imelala kwenye banda karibu na bahari. Rangi safi, ngozi ya viti inanukia, na injini ilikuwa na saa 280 tu tangu ifumuliwe. Kumbuka, kiwanda cha Lycoming kinaelekeza injini hiyo ifumuliwe ikifika saa 2,000 au miaka 12, lolote litakalotangulia. Kwa hiyo yeye aliona saa 1,720 za bure. Hakuangalia kwamba zile saa 280 zilikuwa zimechukua miaka 9, na kwamba miaka 4 ya mwisho ndege haikuruka kabisa.

Tukapima silinda. Tunaingiza upepo wa mgandamizo wa pauni 80 kwa inchi ya mraba na kutazama silinda inashika kiasi gani. Zilishika 77, 78, 76, 78. Nzuri mno. Mimi nilikuwa na wasiwasi, nikausema, lakini niliusema kwa sauti ndogo, kwa sababu nilikuwa mgeni kazini na mafundi wakubwa walikuwa wamesharidhika. Mpaka leo najuta kwa sauti ile ndogo.

Baada ya saa 35 za kuruka tulibadilisha oili. Nikaikata chujio, nikaikunjua karatasi yake kwenye jua. Ilikuwa inameta kama magamba ya dagaa. Kilikuwa chuma. Tukavua silinda, tukaona kemshafti: yale macho yake yanayosukuma vali yalikuwa yameliwa, mengine yamekuwa duara kama embe bolibo.

Kwa nini? Kwenye injini hizi za Lycoming kemshafti iko juu, juu ya krenki, ule mhimili unaozungusha propela. Injini ikizimwa, oili yote inateremka chini. Ndege inayoruka kila wiki inarudishiwa ile oili, na joto la safari linakausha maji yaliyomo ndani. Ndege iliyolala inabaki na kemshafti kavu ndani ya hewa ya bahari, na kutu inaanza kama vidoti. Siku unayoiwasha, tapeti, kile kipande kinachosukumwa na macho ya kemshafti, inasaga vile vidoti, chuma kinamwagika kwenye oili, na oili inakipeleka kila mahali. Na kipimo cha silinda hakiioni kemshafti, hakiioni hata kidogo! Ndiyo maana zilishika 78 na injini ilikuwa inakufa.

Injini ilishushwa ikapelekwa Nairobi kufumuliwa. Kazi hiyo leo inaweza kupita dola 30,000. Yule kijana aliuza kiwanja. Na ile ndege ya shule, yenye viti vilivyochanika? Walioichukua waliirusha mpaka ikafikisha saa zake, kemshafti nzima.

Na msidanganywe na mtu anayesema, "haijaruka, lakini tunaiwasha kila wiki dakika kumi." Dakika kumi ardhini hazipashi oili joto la kutosha kukausha maji. Zinaongeza maji. Ndege ikikaa muda mrefu, mwambie muuzaji avue silinda moja, umulike kemshafti kwa macho yako. Akikataa, fanya kama baba yangu.

Chumvi haiishii kwenye injini. Ndege nyingi za miaka ile zilitoka kiwandani bila rangi ya kinga upande wa ndani. Nje zinang'aa, ndani ni alumini tupu. Alumini haitoi kutu nyekundu mnayoijua, inatoa unga mweupe, halafu inavimba na kumomonyoka kama kurasa za kitabu kilicholowa. Kwa hiyo inua zulia. Nasema inua zulia! Tazama chini ya miguu ya rubani, chini ya betri, kwenye bawaba za flapu, kwenye nyaya za usukani ndani ya mkia. Fungua vile vifuniko vidogo chini ya bawa, ingiza kioo na tochi. Mwaka 2019 karibu na Mount Isa, Australia, Cessna 210 ilipoteza bawa ikiwa inaruka chini kwa kazi ya upimaji, watu wawili wakafariki. Ufa ule ulianzia kwenye kidoti kimoja cha kuliwa na kutu kwenye mhimili. Kidoti kimoja, ndugu zangu.

Kuhusu vitabu nitakuwa mfupi. Ndege ina vitabu vya mwili, vya injini na vya propela. Visome kuanzia ukurasa wa kwanza, na usomapo, tafuta kimya. Niliwahi kukagua Cherokee iliyokuwa ikiandikiwa kazi kila mwezi kwa miaka mingi. Halafu ghafla kimya cha miezi saba. Baada ya kimya, mstari mmoja tu: "Propela imebadilishwa." Propela haibadilishwi bila sababu. Niliuliza mara tatu ndipo ikasemwa kwamba iligusa ardhi injini ikiwa inazunguka. Pigo la namna hiyo linakwenda mpaka kwenye krenki, na injini inatakiwa ifunguliwe na kukaguliwa. Haikufunguliwa. Kama ndege inatoka nje, iwe imeandikwa 5Y ya Kenya, ZS ya Afrika Kusini au N ya Marekani, hakikisha imefutwa rasmi kwenye daftari la kule, na hakuna benki inayoidai, kabla hujaenda Mamlaka ya Usafiri wa Anga kuomba 5H ya Tanzania. Peleka pesa baada ya karatasi, usizipeleke kabla.

Mafuta. Injini hizi za pistoni zinatumia petroli ya ndege, ile ya rangi ya buluu, avgas. Ndege za abiria mnazoziona hapa uwanjani, zile Caravan, zinatumia Jet A-1, mafuta ya jamii ya mafuta ya taa, na Jet A-1 kwenye injini ya petroli ni kifo. Avgas haipatikani kila uwanja, kwa hiyo ujue utaipata wapi, kwa pipa au kwa bomba, kabla hujalipa hata shilingi. Wengine wanavutiwa na ndege ndogo zenye injini ya dizeli kwa sababu zinakunywa Jet A-1. Ni hoja ya kweli. Lakini kumbukeni Thielert ya Ujerumani, waliokuwa mstari wa mbele kwa injini hizo: walifilisika mwaka 2008, na wenye ndege wakahangaika na vipuri. Continental waliichukua kazi ile mwaka 2013. Ukiiona ya bei rahisi mno, uliza injini ni toleo gani na imebakiza saa ngapi, kwa sababu nyingi kati ya hizo hazifumuliwi, zinang'olewa na kuwekwa mpya.

Na nyinyi mnaotaka kununua kwa shirika, watu watatu au wanne, nawaunga mkono kabisa. Sababu yangu ni ya kifundi: ndege ya watu wanne inaruka kila wiki. Oili yake haipati nafasi ya kuteremka ikalala. Andikianeni tu mapema nani analipa nini siku injini ikidai.

Pale kwenye meza karibu na mlango nimeweka vitu vitatu: ile kemshafti niliyowasimulia, chujio la oili lililokatwa, na kipande cha bati kutoka chini ya zulia la ndege iliyokaa pwani. Vishikeni, pitisheni vidole. Na nje kuna 172 ambayo mwenyewe ameniruhusu niwafungulie. Tochi ninazo nne, kwa hiyo tutaingia kwa zamu. Wazee watangulie.